Kiingereza Chetu Kiliishia Mlangoni

Valizi ya Maman, sanduku lake la safari, ilikuwa juu ya kabati, mahali palepale ilipokaa siku zote, na nilipoishusha ilinimwagia vumbi usoni. Tulikuwa tumemaliza kilio, ndugu wameondoka, na mimi nimebaki nyumbani kwake Kamembe kugawa nguo na vyombo. Nikafungua vile vifungo vya chuma. Harufu ikatoka: naftalini, na chini ya naftalini sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambao waliwekwa humo mara moja tu na hawakukubali kutoka tena. Nilikaa sakafuni, nikaingiza kichwa chote ndani kama mbuzi aliyeona ndoo. Na kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni, mtu mzima mimi, mama wa watoto, hakikuwa sala wala kilio. Kilikuwa Kiingereza. “Welikamu, madamu. Yua rumu izi redi.” Karibu mama, chumba chako kiko tayari.

Kiingereza hicho sikufundishwa na mtu. Nilikiiba. Nilikiiba chini ya dirisha la hoteli moja kando ya ziwa, mjini Cyangugu, miaka ile baada ya vita, wakati ng'ambo ya maji vita vingine vilikuwa vimeshika moto na sisi watoto tumejifunza kutofautisha ngurumo ya mvua na ile nyingine. Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Ukiuliza, “Maman, hii ni mvua?” ukaona anatazama anga kwanza kabla ya kujibu, basi si mvua.

Maman alihudumia mezani katika hoteli hiyo. Kuta zake zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoharibika, na matundu ya risasi yalikuwa yamezibwa kwa saruji isiyofanana na ukuta. Papa alifariki kabla sijajua kutembea. Tulikuwa wawili tu, na kila tulichokula kilitoka kwenye kazi ile. Nikitoka shule niliteremka kwa miguu kutoka Kamembe, nikamsubiri Maman nyuma ya jikoni, ambako mpishi alinipa ukoko wa wali na maneno mengi. Mpishi huyo aliitwa Saidi, kijana wa Kiislamu mzaliwa wa Kamembe, mtu wa kutia chumvi kila mahali isipokuwa kwenye sufuria.

Siku moja Patron, mwenye hoteli, aliwakusanya wafanyakazi kwenye ukumbi wa kulia. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Kutakuwa mukutano mukubwa hapa kwetu,” alisema. “Bageni bengi, na bote banasema Kiingereza. Kifaransa muweke pembeni. Nilisha kumutafuta mwalimu. Mwenye hatajua kupokea mugeni mu Kiingereza mbele bafike, atapisha mwenye anajua. Kule Kigali beko bengi, banangojea tu nibaite.”

Saidi alitazama vidole vya miguu yake. Maman alikunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Wafanyakazi wengi pale walikuwa kama sisi, watu waliokulia Congo wakarudi kwenye nchi ya wazazi wao na Kiswahili mdomoni na Kifaransa kidogo cha shule. Kiingereza walikuwa wamekisikia redioni tu, wakati wa kutafuta stesheni nyingine.

Mimi habari ya kazi haikuniogopesha sana. Mtoto hajui kazi inakwenda wapi ikiondoka. Niliogopa kitu kingine, na ili mnielewe lazima niwaeleze jinsi lugha zilivyoniingia. Bukavu, ng'ambo ya maji, nilikozaliwa, tulisema Kiswahili nje, na Mashi nyumbani kwa ajili ya Koko, mama yake Papa, ambaye tuliishi kwake. Kinyarwanda cha Maman kilisemwa kwa kunong'ona, na mwishoni hakikusemwa kabisa, maana ulikuwa umefika wakati ambapo mtu angeweza kupoteza maisha kwa lugha ya mama yake. Halafu jioni moja Maman akanikalisha mkekani, akaanza kunifundisha Kinyarwanda taratibu: hivi ndivyo unavyosalimia, hivi ndivyo unavyosema jina lako. Nilifurahi, nikadhani ni mchezo.

Muda si muda valizi ikashushwa. Maman akaijaza nguo, Koko akaongeza sambaza wakavu waliofungwa kwa kitambaa, tukateremka hadi daraja la Rusizi, mpakani. Koko aliibeba valizi kichwani njia nzima, na mimi nilikuwa na hakika tunasafiri wote. Tulipofika darajani akaitua, akamkabidhi Maman, akasimama. Nilimwita. Akanipungia mkono tu. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba njiani amebadilisha nia, kwamba ametukataa. Nilimkasirikia mpaka kooni. Nilivuka daraja lile bila kugeuka.

Kwa hiyo nilikuwa na elimu yangu kamili, na hakuna mtu mzima ambaye angeweza kuipinga. Lugha mpya inaingia nyumbani, valizi inashuka, daraja linavukwa, na mtu mmoja anaachwa nyuma. Sasa Kiingereza kilikuwa kinaingia. Na nyumbani kwetu, nikihesabu vichwa, mtu wa kuachwa alikuwa mimi peke yangu.

Mwalimu alikuja na pikipiki. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi kama la mchungaji. Walimwita Ticha. Kifaransa hakujua hata cha kuombea maji, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, utadhani alijifunzia kwenye gwaride.

“Hapana andika!” aliwaambia waliokuja na kalamu. “Mdomo kwanza! Fungua mdomo!”

Walisoma baada ya chakula cha mchana, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Nje, kati ya ukuta na kichaka cha maua mekundu, palikuwa na nafasi ya kumtosha mtoto mmoja aliyejikunja. Dirisha lilikuwa juu yangu, wazi. Harufu ya dawa ya kusugulia sakafu ilitoka upande huu, mafuta ya kukaangia ya Saidi upande ule, na katikati yake yalitoka yale maneno ya ajabu. Kwanza niliyasikia kama ndege wanaogombana. Baadaye yakaanza kuachana, moja hapa, moja pale. Nilikuwa mtoto wa kuchungulia vyungu, na nikasimama kwa ncha za vidole nikachungulia na masomo.

Kwa kuwa hapakuwa na Mwingereza, Saidi ndiye aliyefanywa mgeni. Walimvika kofia ya Patron na miwani iliyopungukiwa kioo kimoja, akaingia kifua mbele, anavuta hewa kwa pua kama mtu aliyeona choo. Akaketi, akalalamika kwamba supu imepoa. Hapakuwa na supu. Maman alisimama mbele yake, mikono imeshikana tumboni, macho chini, kwa heshima zote alizofunzwa nyumbani.

“Tabasamu!” Ticha alipiga meza kwa mwiko. “Mgeni anataka kuona meno!”

“Miye simujui huyu muntu,” Maman alisema. “Nitamuchekea juu ya nini?”

“Nionyeshe meno, Maman Nsimire,” Saidi alidai kwa sauti ya puani. “Nililipa.”

Nsimire ni mimi. Walicheka mpaka mtu mmoja akashika ukuta, na Maman naye meno yakatoka bila kuombwa, na Ticha akapiga kelele, “Hayo! Hayo hayo! Shika hapo hapo!” Maman akajaribu kuyashika, akaonekana kama mtu anayeumwa jino. Mimi huko nje nilijifunika mdomo kwa sketi.

Lakini palikuwa na kitu kimoja kilichowashinda wote, nacho ni mwisho. Ticha alikuwa na sheria. Mgeni akiondoka, unamfikishia valizi yake mlangoni, unaiweka chini, unasema “Sefu jani”, yaani safari njema, unarudi kazini. Mlangoni, basi. Wao walisema sefu jani vizuri kabisa, kisha miguu ikaendelea. Saidi na kofia yake alitoka uani, akageuka, akakuta wafanyakazi wote nyuma yake.

“Stopu!” Ticha alilia. “Munakwenda wapi?”

“Tunamusindikiza,” walimjibu, wakishangaa swali.

Mnajua kwetu. Mgeni ukimwacha mlangoni ni kama umemfukuza. Unatoka naye, mnaongea, mnafika kwenye njia panda, mnasimama mnaongea tena, na ndipo mnaachana, tena kwa shida. Ticha alikuwa anayajua hayo, alikuwa Mnyarwanda kama wao, lakini alikuwa ameajiriwa kufundisha hoteli. Akachora mstari wa chaki sakafuni mlangoni, akasema Kiingereza kinaishia hapo.

Kisha siku moja akasema wanabeba kivivu kwa sababu wanabeba sanduku lisilo na kitu. “Begi tupu ni uongo! Kesho nataka ya kweli. Nzito!”

Hilo sikulisikia, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinifukuza dirishani. Nilichokiona ni nyumbani, jioni. Maman alipanda kiti, akashusha valizi. Akaipangusa, akaifungua, ile harufu ya sambaza ikatoka, harufu ya siku ya daraja. Akaweka vitenge vyake, sweta lake, viatu vyake vya Jumapili, na juu yake blanketi. Yangu hakuna.

“Maman, na manguo yangu?”

“Ya kwako iko mwepesi. Haiwezi leta uzito.”

“Unaipeleka wapi hii valizi?”

“Ku masomo.”

Ku masomo! Nani amewahi kwenda shule na blanketi? Nilimtazama akikalia kifuniko ili vifungo vifunge, anajisemea polepole, “Welikamu, madamu,” na uso wake ulikuwa na furaha ndogo ya mtu ambaye ulimi umemtii. Furaha ile iliniuma kuliko valizi. Sikulia. Nililala na wazo moja, na asubuhi bado nilikuwa nalo: ikiwa kinachotakiwa ni Kiingereza, basi nitakuwa nacho, na Maman hatakuwa na sababu.

Tangu hapo dirisha lile sikulikosa. Mvua ikinyesha, nilinyeshewa. Sikujua maana, nilijua mambo yanavyokwenda: ukisema hili Saidi anakaa, ukisema lile Saidi analetewa taulo, na kuna neno moja ambalo ukilisema kila mtu anafurahi, nalo ni “pulizi”. Nilimsomea mbuzi wa jirani. Nililisomea ziwa. Asubuhi moja niliwavizia akina mama wa kisiwa cha Nkombo, waliokuwa wanashuka mtumbwini na beseni za sambaza kichwani, nikawasimamia mbele, mikono tumboni, meno yote nje.

“Gudu mone, madamu! Welikamu!”

Mmoja akasimama, beseni linachuruzika maji. “We mutoto, Maman yako anajua kama uko mugonjwa?”

Lakini mwenzake alinirushia sambaza wachache kwenye sketi, na hiyo nikaihesabu kuwa nimefaulu.

Siku ya mtihani ilifika kabla ya wageni wenyewe. Walimtanguliza mama mmoja wa makamo, mtu mweusi kama sisi, suti ya kijani, nywele fupi zenye mvi, aliyekuja kukagua vyumba. Patron alimwomba akubali kuwa mgeni kwa wafanyakazi wake, mmoja baada ya mwingine, na asiseme chochote ila Kiingereza. Akakubali. Barabara ya mbele ya hoteli ilikuwa imechimbwa ili itengenezwe kwa ajili ya mkutano, kwa hiyo gari lake lilikuwa limebaki juu, karibu na kanisa. Haya yote niliyajua baadaye. Mimi niliona tu suti ya kijani, nikasikia Kiingereza kinachotoka bila kusukumwa, nikajua ndiye. Huyu ndiye aliyekuja kumchukua.

Maman alikuwa wa mwisho. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika shina la kichaka kwa mikono miwili. Alimkaribisha vizuri. Chumba kiko tayari, vizuri. Kwenye supu alikwama kidogo, nikamsaidia kwa midomo kutoka nje, na kweli neno likaja. Patron alikuwa amekaa pembeni, amekunja mikono, na hakukunjua. Wengine wawili walikuwa wameshaambiwa wasubiri ofisini kwake, na wote walijua maana ya kusubiri huko. Kisha yule mama akasimama, akaaga. Maman akanyanyua valizi yetu, nzito, bila kuguna, akaifikisha mlangoni penye alama ya chaki.

“Sefu jani, madamu,” alisema.

Ilikuwa imebaki kuiweka chini na kugeuka. Mtihani ulikuwa umekwisha, na kazi ilikuwa yake. Yule mama alishukuru, na kwa kuwa kweli alikuwa anaondoka, akateremka ngazi. Na Maman, na valizi mkononi, akauvuka mstari akateremka naye.

Niliwaona wakipita uani. Niliwaona wakitoka getini, bega kwa bega, wakipandisha njia ya kanisani kati ya mawe na matope. Hawakuwa wanaongea. Maman alikuwa amemaliza Kiingereza chote alichokuwa nacho. Nyuma yao Patron alitoka mlangoni akamwita kwa jina, na Maman hakusikia, au alisikia.

Mimi nilitoka kichakani nikakimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope, sikukirudia.

“Maman! Usiniache! Na miye najua! Najua yote!”

Na ili aamini, nilianza kuyatoa, yote, bila mpangilio, nikipanda ile njia kwa pumzi iliyokatika. Welikamu! Gudu mone! Yua rumu izi redi! Supu! Tawelu! Pulizi! Pulizi! Pulizi! Mafundi waliokuwa wanachimba barabara walisimama na sururu juu. Sijawahi tena maishani mwangu kuongea lugha yoyote kwa moyo wote namna ile.

Maman aligeuka. Valizi ikamponyoka ikakaa kwenye tope.

“Nsimire! Unatafuta nini hapa?”

“Unaenda na huyu Mwingereza. Unaniacha sawa vile Koko alituacha.”

Alifungua mdomo, na katika lugha zote alizokuwa nazo hakupata hata moja. Aliyejibu ni yule mama. Alichuchumaa, suti na yote, na kutoka mdomoni mwake kikatoka Kiswahili, kile safi cha redioni, kila neno limesimama peke yake.

“Usilie, mwanangu. Mama yako haendi popote. Ananisindikiza tu.”

Nilimtazama mdomoni. Maman naye alikodoa macho.

“Kumbe unajua Kiswahili?” alimwuliza.

“Mimi ni Mtanzania, dada. Waliniambia niongee Kiingereza tu, nikatii.” Kisha akaitazama valizi pale topeni, akaitazama tena. “Lakini hebu niambie. Hiyo si yangu. Unaipeleka wapi?”

Wakati huo Saidi alikuwa ametufikia anahema, ametumwa na Patron, na kofia ya Patron bado iko kichwani mwake. “Maman Nsimire, rudi mbio. Patron amekasirika. Anasema umetoroka kazi mbele ya macho yake.”

Maman aliangalia chini, hotelini, ambako Patron alikuwa amesimama ngazini. Najua sasa alikuwa anatazama nini. Alikuwa anatazama unga wetu, kodi yetu, sketi yangu ya shule. Kisha akafunga kitenge chake upya kiunoni.

“Nitarudi,” alisema. “Mugeni hajafika ku gari.”

Basi tulimsindikiza wote. Saidi alibeba valizi, Maman alinibeba mimi kwa sababu ya kiatu, na yule mama alitembea katikati akiulizwa habari za kwao, watoto wangapi, mvua imenyesha, bibi bado yupo, maswali yote ambayo Kiingereza cha Ticha hakikuwa nayo. Kwenye gari hawakuachana upesi. Yule mama alisema tangu alipoanza safari hiyo ameagwa na watu wengi na hakuna hata mmoja aliyemtoa nje ya mlango. Aliporudi hotelini kesho yake aliongea na Patron faraghani, na walichoongea hatukukijua. Maman hakufukuzwa. Hakuachiwa ukumbi wa kulia pia. Waliletwa wasichana wawili kutoka Kigali wenye Kiingereza cha kuteleza, na yeye akapelekwa vyumbani kutandika vitanda, akakaa huko mpaka miguu ilipomkatalia. Ruhusa ya kusindikiza alipewa, mwisho getini. Wageni wa mkutano walipokuwa wanaondoka alifika getini na kila mmoja, akasimama pale hadi gari likapotea. Saidi naye hakumwacha apumzike kwa miaka. “Huyu muntu,” alimweleza kila mpishi mpya, “alimusindikiza mugeni na valizi yake mwenyewe!”

Jioni ile ya mtihani Maman alipangusa tope kwenye valizi, akarudisha vitenge kabatini. Nilimsaidia kukunja blanketi. Aliniuliza polepole ni nani aliyeniambia kwamba Koko alituacha.

“Niliona na macho yangu. Alifika ku daraja, akakataa kuendelea.”

Maman alikaa kitandani. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

“Koko hakukataa, Nsimire. Kaburi ya Papa yako iko kule, nyumba yake iko kule, asingeweza kuja. Alitusindikiza. Siku ile bantu banaogopa ata kutusalimia, yeye alibeba valizi yetu mu kichwa, mbele ya bote, mupaka mwisho wa njia. Sisi njo tuligeuza mugongo. Miye naliangalia nyuma. Alikuwa angali anasimama.”

Nilitaka kurudi darajani saa ileile. Lakini daraja lilikuwa linafungwa na kufunguliwa kwa jinsi vita vilivyotaka, na Koko alifariki likiwa limefungwa. Habari ilitufikia ikiwa imechelewa, kwa mdomo wa mchuuzi. Nimekuwa mtu mzima nikikumbuka robo tu ya uso wake, kwa sababu ya kutogeuka kwangu. Hilo linaniuma mpaka leo, na halitaacha.

Nilipomaliza kugawa vyombo vya Maman, mchana wa kuondoka kwangu, nilitia ndani ya valizi vitenge viwili vya Maman na sweta lake, nikafunga nyumba, nikafika kwenye geti. Hapo miguu ikagoma. Miaka yote tangu nihamie Kigali, Maman ndiye aliyenitoa getini, na nilipomwambia apumzishe magoti alijifanya hasikii. Nilisimama na mpini mkononi kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Mzee Saidi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na fimbo yake, kofia ya Kiislamu kichwani, akanyoosha mkono.

“Leta valizi.”

“Iko mwepesi, Mzee Saidi. Haina kitu.”

“Njo maana nitafika nayo mbali.”

Tulikwenda hadi kituo cha mabasi, polepole, akinieleza kwa mara nyingine habari ya mtu aliyemsindikiza mgeni na valizi yake mwenyewe, na safari hii ameongeza kwamba Maman alimfikisha mgeni hadi Kigali kwa miguu. Nikacheka nikilia. Alihakikisha valizi imepakiwa, akanigusa bega, akasema, “Sefu jani, madamu,” kwa sauti ileile ya puani.

Basi liliondoka. Niligeuka kwenye kiti, nikapiga magoti kama mtoto, nikamtazama kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama. Nilimtazama mpaka kona ikamchukua.